Waliotangulia Reli

Zombe haina stesheni. Soko hili la Kitui Mashariki, lililo njiani kuelekea nyika za Mto Tana, liko mbali na reli, na Kitui nzima haijapata kupitiwa na treni. Hata hivyo, anayetafuta nyuso za kuchora kwenye madaraja ya reli ya kaunti jirani ya Makueni hana budi kuanzia upande huu.

Baadhi ya miji ya Marekani hupaka madaraja yake ya reli picha za waasisi: walowezi, mikokoteni ya farasi, garimoshi la kwanza likiingia mjini. Historia ya namna hiyo huanza siku aliyofika mgeni. Ukambani, nchi ya Wakamba, haiwezi kuanzia hapo, kwa maana mafundi wa reli walikuta njia zimekwisha kukanyagwa.

Zilikanyagwa na misafara. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio walioshika biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Walishuka na pembe, wakapanda na nguo, shanga na nyaya za shaba, na baadhi yao wakajenga makazi Rabai, karibu na pwani. Mkuu wa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi Mwendwa wa Kitui. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika nyumbani kwa Kivoi, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya. Watoto wetu hufundishwa kwamba Krapf alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona. Nadra kuambiwa kwamba mwenyeji wake alikwisha kuujua mlima huo na ndiye aliyemsimulia habari zake. Mwaka 1851 msafara wa Kivoi ulishambuliwa karibu na Mto Tana. Kivoi akauawa, Krapf akanusurika. Kama ningepewa nguzo moja tu ya daraja, ningemchora Kivoi, na nyuma yake wapagazi wote kwa safu, kwa kuwa wao ndio waliobeba uzito wenyewe.

Nguzo ya pili ni ya Syokimau. Wakamba husimulia kwamba mwanamke huyu mtabiri aliona, kabla ya reli kuwako, nyoka mrefu akitema moshi, akitambaa kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi, na watu wa rangi ngeni wakiwa wamebeba moto mifukoni. Ni historia iliyohifadhiwa kwa mdomo, na imedumu. Mwaka 2012 stesheni ya treni za abiria ilifunguliwa Syokimau, kwenye viunga vya Nairobi, kwa hiyo jina lake leo limeandikwa kwenye njia ya nyoka yuleyule. Lakini jina pekee halimwonyeshi mtu.

Nyoka alifika. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ukafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Dunia nzima inakumbuka simba wawili wa Tsavo, waliowashambulia wajenzi wa daraja mwaka 1898 mpaka msimamizi wao, John Henry Patterson, alipowaua mwezi wa Desemba. Simba hao wamo katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, na filamu zimetengenezwa juu yao. Waliokufa kwa homa, kuhara na ajali walikuwa wengi kupita walioliwa, na hakuna aliyewatengenezea filamu. Makindu imewatendea haki zaidi: hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, mahali wafanyakazi wa reli walipokuwa wakisali, mpaka leo humpa msafiri chakula bila kumuuliza dini yake.

Miaka hiyohiyo Ukambani ilikuwa inakufa njaa. Ng'omanisye, njaa kuu ya mwisho wa karne, ilikuja pamoja na ndui baada ya sotoka kumaliza ng'ombe. Mchoro wowote wa reli unaoonyesha furaha tupu ya treni ya kwanza utakuwa umewasahau watu walioiangalia ikipita huku matumbo yao yakiwa matupu.

Nguzo ya tatu ni ya mchongaji Mutisya Munge wa Wamunyu, karibu na mpaka wa Kitui. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Tanganyika, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi nao nyumbani. Kutokana na mikono yake kazi hiyo ilienea kijiji kwa kijiji, na vinyago vya Wakamba vikafika Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Mwaka 1963 wachongaji walianzisha chama chao cha ushirika Changamwe, Mombasa, na kwa hiyo njia ya Kivoi ikapata bidhaa mpya.

Tangu 2017 treni ya Madaraka Express inapita Mtito Andei, Kibwezi na Emali kwenye reli mpya, mahali pengine juu ya nguzo za saruji. Stesheni kuu ya Nairobi yenyewe imejengwa kwa umbo la daraja juu ya treni mbili: sanaa ya hadhara kubwa mno, ambayo umbo lake halina sura ya binadamu hata mmoja. Panapostahili sura za watu ni pale reli inapovuka barabara kuu ya Mombasa, mahali ambapo abiria wa basi, mwenye bodaboda na mama muuza maembe wote huinua macho.

Kupaka picha kwenye reli si jambo geni nchini. Mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, reli ipitayo mtaa wa Kibera, Nairobi, iling'olewa. Kuelekea uchaguzi wa Machi 2013, wachoraji wa Kibera waliomba ruhusa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, wakaipata, wakapaka mabehewa ya abiria picha za amani, yakapita mtaa uleule. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Makueni ina madaraja, Kitui ina Kivoi, na barabara ya lami ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo imekwisha kuziunganisha. Ombi kwa Shirika la Reli linaweza kuandikwa na kaunti zote mbili kwa barua moja, na wachongaji wa Wamunyu wakaitwa kwenye kikao cha kwanza cha kuchagua michoro.