Keya wa Kakamega na Jukwaa Lisilokuwa Lao

Tarehe 29 Aprili 2009 serikali ya Uingereza ilishindwa kura bungeni, 267 kwa 246. Hoja ilihusu askari wastaafu wa Gurkha, watu wa Nepal waliolitumikia jeshi la Uingereza kizazi baada ya kizazi, na ambao wengi wao walikuwa wamenyimwa ruhusa ya kuishi katika nchi waliyoipigania. Siku hiyo wazee wenye medali vifuani walikusanyika nje ya Bunge wakiwa na mwigizaji Joanna Lumley. Waingereza walimfahamu kwa tamthilia za televisheni. Wazee wale walimfahamu kama binti wa Meja James Lumley, ofisa wa 6th Gurkha Rifles aliyepigana Burma pamoja na Gurkha.

Wiki chache hizo Lumley hakutulia. Alimwandama naibu waziri wa uhamiaji hadi kwenye studio za habari, akamweka mbele ya waandishi na kumtaka aseme wazi serikali imeamua nini. Tarehe 21 Mei waziri wa mambo ya ndani alitangaza kwamba kila Gurkha aliyetumikia angalau miaka minne na kustaafu kabla ya 1997 angeruhusiwa kuhamia Uingereza. Ushindi huo haukumaliza yote. Mwaka 2021 wastaafu wa Gurkha waligoma kula mbele ya ofisi ya waziri mkuu wakidai pensheni sawa. Hata hivyo, wazee wa milimani Nepal walikuwa wamempata mtu ambaye waziri hakuweza kumkwepa.

Habari hii inaihusu Kakamega kwa sababu ya Burma. Wakati Gurkha wa kikosi cha Meja Lumley walipokuwa wakipigania mji wa Mogaung, Juni 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikijiandaa kuingia bonde la Kabaw, na ndani yake walikuwamo vijana kutoka North Kavirondo, wilaya ambayo makao yake yalikuwa Kakamega. Jeshi lao lilikuwa King's African Rifles, na nyumbani waliitwa Keya. Mvua walizonyeshewa ni zilezile, na adui na mfalme ni walewale. Naandika habari za Keya hao, na za waigizaji waliotumwa kwao, kwa sababu katika jambo la nani amsemee nani, yao ilikwenda kinyume kabisa na ile ya Gurkha.

Deni la Uingereza kwa watu wa Kakamega lilianza kabla ya Burma. Katika Vita Vikuu vya Kwanza makao ya wilaya yalikuwa bado Mumias, kwa Nabongo Mumia. Yalihamia Kakamega karibu 1920. Jeshi la Uingereza lililokuwa likimfukuza Mjerumani Tanganyika halikuwa na barabara, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, hivyo likategemea vichwa na mabega ya watu. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa ametawala Nyanza kwa miaka mingi, alipewa kazi ya kukusanya wapagazi kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Kila chifu alitajiwa idadi, na watu wakatolewa. Hao ndio walioitwa Kariokor. Kwa hesabu rasmi wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Uingereza walikufa, na waliouawa kwa risasi ni wachache. Unga uliosagwa ovyo, ukapikwa haraka katika maji kidogo na watu waliochoka, uliharibu matumbo. Kuhara damu na homa ya mapafu vikamaliza kazi.

Aliyewasimamia wapagazi hao, Oscar Watkins, aliwatetea kwa maandishi wakati wa vita na baada yake. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi, nayo ikabaki mikononi mwa serikali. Watkins alidai fedha hizo ziwafae Waafrika, kwa kuwa ni jasho lao. London ilikataa. Lakini Watkins alikuwa ofisa akiandikia maofisa wenzake, na barua zake ziliishia katika majalada. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na wapagazi hawakuwepo katika ofisi hizo.

Vita vya pili vilikikuta kizazi kilichokulia katika zahama nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu iligunduliwa Kakamega, wazungu wakamiminika na mahema na sururu, na mwaka 1932 sheria ya ardhi ya wenyeji ikabadilishwa ili ardhi ichukuliwe kwa ajili ya migodi bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Watoto walioyaona hayo ndio walioandikishwa jeshi miaka michache baadaye. Kenya ilitoa askari karibu 98,000, na Afrika Mashariki yote, pamoja na Nyasaland, ilitoa zaidi ya 320,000. Walipigana Ethiopia 1941, wakaenda Madagascar 1942, kisha Ceylon, kisha Burma.

Nyumbani, vita vilionekana kwa wake zao kwenye boma. Askari aliruhusiwa kukata sehemu ya mshahara wake na kuielekeza kwa mke au mzazi, na fedha hizo zililipwa kupitia ofisi ya Bwana DC. Mwanamke alitembea kutoka kijijini alfajiri, akapanga foleni, akaitwa kwa jina la mumewe, akaweka dole gumba kwenye karatasi, akapokea shilingi zake. Iwapo jina halikuitwa, ilimbidi afikirie mengi njiani kurudi. Huenda karani amekosea. Huenda mume amekatwa mshahara kwa kosa. Huenda kuna habari ambayo bado haijamfikia chifu.

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa siku chache kabla, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama katika muda wa dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hakuna maiti iliyorudi. Kwa Waluhya wengi, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, watu wakakaa matanga kama kawaida, ili mjane na watoto wajue wanasimama wapi. Karatasi ya serikali yenye neno kwamba hajulikani alipo haiwezi kufanya kazi hiyo.

Waliofika Burma waliingia bonde la Kabaw Agosti 1944 katika matope ya magotini. Malaria na homa ya utitiri wa vichakani viliwaangusha pamoja na risasi. Barabara ilitengenezwa kwa kulaza magogo, chakula kikaangushwa kwa ndege. Mwanzoni mwa Desemba walikuwa wameshika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na daraja kubwa la chuma likajengwa hapo ili majeshi mengine yapite kuelekea Mandalay. Jeshi lililosonga mbele na kuchukua sifa ni jingine. Divisheni ya 11 ilirudishwa nyuma kupumzika.

Na hapa ndipo waigizaji wanapoingia. Jeshi lilitambua mapema kwamba mtu aliye mbali na kwao anahitaji kucheka na kusikia lugha yake. Peter Colmore aliunda kikundi cha burudani cha Waafrika ndani ya Keya, na kijana wa pwani aitwaye Fundi Konde, ambaye baadaye nchi nzima ingemjua kwa gitaa, akapelekwa India na Burma kuwaimbia askari. Huku nyuma, Kapteni Alec Dickson, ambaye mwaka 1958 angeanzisha shirika la kujitolea la VSO, aliongoza kikosi cha askari wa makabila mbalimbali kilichozunguka vijijini Afrika Mashariki. Walionyesha gwaride, mazoezi ya viungo na vichekesho, ili wazazi na wake wajue mtu wao yuko katika kazi gani, na ili waendelee kuviunga mkono vita.

Vita vilipokwisha, serikali ya Kenya iliwaogopa kidogo askari hawa wanaorudi. Wameona Bombay na Calcutta, wamemwona mzungu akiogopa, na wengine wamejifunza kusoma. Chuo cha Jeanes School, Kabete, kikapewa kazi ya kuwafundisha wawe wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Jambo zuri la Kabete, na nalisema bila kusita, ni kwamba wengi walikwenda na familia zao. Mume akisoma uendeshaji wa ukumbi wa jamii, mke akajifunza ushonaji, malezi na upishi, wakakaa nyumba moja kama watu na si kama namba. Huko Kabete alikuwapo Graham Hyslop, aliyekuwa ameandaa maigizo na askari jeshini. Waliokuwa askari wakazunguka na michezo mifupi ya Kiswahili, mingi ikitungwa papo hapo, kuhusu usafi, kilimo na ujinga wa mlevi. Michezo ya Hyslop mwenyewe, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, ilichapishwa 1957, na mchango wake katika tamthilia ya Kiswahili ya Kenya ni mkubwa.

Lakini jukwaa lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa serikali. Mwigizaji aliyevaa kanzu ya mzee mkaidi, watu wakavunjika mbavu, alikuwa amepigana Burma kama baadhi ya waliomtazama. Alitumwa kuwaambia wachimbe choo na matuta. Hakutumwa kuuliza kiinua mgongo kilihesabiwaje. Lumley alichukua sauti ya wastaafu akaipeleka kwa mawaziri. Waigizaji wa Kabete walipewa sauti ya mawaziri waipeleke kwa wastaafu. Siwalaumu. Walikuwa na watoto wa kulisha, na kazi yao iliwafaa wengi. Nasikitika kwamba kipaji kile, kilichopikwa katika mvua ya Kabaw, hakikuachiwa kusema chake.

Hesabu ya kiinua mgongo ilijulikana vizuri mwaka 2019 tu, mwandishi wa habari alipofukua nyaraka za kikoloni: askari mweupe alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile, kwa miezi ileile ya utumishi. Na kwa Keya wengi walioandikishwa kwa muda wa vita, kiinua mgongo ndicho kilikuwa mwisho. Pensheni ilikuwa ya walioumia na waliotumikia muda mrefu. Mtu alirudi Kakamega na fedha za mara moja, akanunua ng'ombe, akalipa mahari au akafungua duka, na mwaka wa tatu hakuna tena. Chama cha askari wa zamani, KAFOCA, ambacho leo ni DEFOCA, kiliwashika mkono kadiri kilivyoweza, na misaada midogo ilipita kwake kutoka kwa umoja wa askari wastaafu wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 ili wastaafu na wajane wa Jumuiya hiyo, maelfu kadhaa waliobaki, wapate milo miwili kwa siku. Ilikuwa miaka 73 tangu vita kwisha.

Wajane wengine wameongezeka, na si wa vita vya mfalme. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde, Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab. Kikosi kilikuwa kimetoka Eldoret, mwendo wa saa chache tu kutoka Kakamega. Familia zilisubiri vipimo vya vinasaba ili zijue zizike nani, na serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Mwaka 2022 Kenya ilipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, inayowatambua wastaafu pamoja na wanaowategemea.

Sheria ikishapitishwa, huanza kazi ya fomu. Mjane atatakiwa kuthibitisha ndoa ambayo pengine ilifungwa kwa ng'ombe na mashahidi waliokwisha kufa, pamoja na vyeti vya watoto na namba ya utumishi ya mume. Atakwenda ofisi hii, ataambiwa arudi, atatumwa ofisi ile. Hapo ndipo anahitajika mtu ambaye uso wake unafahamika hata na bawabu wa mlangoni, aingie naye, aketi naye, asiondoke mpaka faili limepatikana. Magharibi mwa Kenya hapana uhaba wa watu hao. Waigizaji wa huku wamewachekesha Wakenya kwenye televisheni miaka mingi, na Francis Imbuga, mmoja wa watunzi wakubwa wa tamthilia nchini, alizaliwa Maragoli. Nawaomba waigizaji waanzie na mjane mmoja na faili moja, kisha waende kwa wa pili.