Sekunde 72 na anga la Mpanda

Kama unaishi Majengo, Mpanda, subiri usiku wa mwezi wa nane ambao umeme umekatika, kisha toka nje uangalie juu. Saa tatu au saa nne hivi, ile sehemu nene ya Njia Nyeupe iliyo karibu na utosi wako ni kundinyota la Mshale, upande wa kitovu cha galaksi yetu. Habari mbili kubwa katika historia ya kusikiliza anga kwa redio zinahusu hapo hapo, na zote zina mkono wa watu ambao hawakulipwa kwa kazi hiyo.

Ya kwanza ni ya Grote Reber. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Karl Jansky, mhandisi wa maabara ya simu Marekani, alitafuta chanzo cha mikwaruzo kwenye redio, kumbe mingine ilitoka kwenye Njia Nyeupe. Reber, mhandisi wa redio mwenye ajira yake nyingine, akaamua kufuatilia. Mwaka 1937 alijenga kwa pesa zake ungo wa zaidi ya mita 9, uani kwao Wheaton, Illinois. Jaribio la kwanza, patupu. La pili, patupu. La tatu, kwenye megahezi 160, anga likasikika, na kelele nyingi zaidi zilitoka Mshale.

Ya pili ni ya tarehe 15 Agosti 1977. Darubini ya Big Ear, Ohio, ilinasa mawimbi makali karibu na megahezi 1420. Hayo ni masafa ya hidrojeni, ambayo wanasayansi walishapendekeza tangu 1959 kuwa viumbe wenye akili wangeweza kuyatumia kutuita. Jerry Ehman, aliyekuwa akijitolea kukagua karatasi za kompyuta, aliandika pembeni: "Wow!" Mawimbi yalidumu sekunde 72, muda wa sehemu hiyo kupita mbele ya darubini. Lakini Big Ear ilikuwa na vipokezi viwili, vilivyopishana kwa dakika 3 hivi, na ni kimoja tu kilichosikia. Watu wamerudi kusikiliza mara nyingi. Kimya. Mwaka 1998 Big Ear yenyewe ikabomolewa kupisha uwanja wa gofu.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kule Ohio sehemu hiyo hupita chini, digrii 23 hivi juu ya upeo. Mpanda, iliyo digrii 6 kusini mwa ikweta, huiona kwenye digrii 69. Na siku ile ilipita juu yetu saa saba na nusu hivi kabla ya Ohio, yaani kwenye saa nne na nusu usiku kwetu. Sikio la pili upande huu lingetupa ushahidi wa pili, hata kama ni wa kimya. Tumebaki na karatasi moja.

Leo huhitaji ungo wa Reber. Dishi kuukuu, antena ya kujitengenezea ya megahezi 1420, kikuza mawimbi, kipokezi kidogo kama flashi na laptopu vinatosha kunasa hidrojeni ya Njia Nyeupe, hata kukiwa na mawingu. Usitegemee kuwasikia viumbe wa mbali. Ila wakipiga tena hodi kwa sekunde 72, ni vizuri upande huu wa dunia kuwe na mtu macho.