Tuu-tuu-tuu: sanduku la sauti lilivyofika Kitale na Bungoma

Juzi nilikuwa nahamisha mafaili kutoka kompyuta kuukuu kabla haijafa kabisa, nikakuta faili moja la sauti la mwaka 2006 lenye ukubwa wa MB 72. Nikalifungua nikidhani ni muziki. Kumbe ni dakika 75 za mlio mmoja tu: tuu, tuu, tuu, tuu...

Nililitambua papo hapo. Faili hilo ndilo lililotulowanishia lori zima la mahindi.

Wacha nianze mwanzo. Mwaka ule nilikuwa namfanyia kazi mfanyabiashara wa nafaka mwenye ofisi kubwa Kitale na nyingine ndogo Bungoma. Kitale hahitaji kutambulishwa. Ni mji wa mahindi, na Kenya Seed imekuwa pale tangu 1956. Bungoma ni upande wa miwa ya Nzoia na reli ya kwenda Malaba. Kati ya miji hiyo kuna barabara inayopita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, na malori yetu yalikuwa humo mchana na usiku. Simu za mezani zilikuwa mbili: Kitale kwa 054, Bungoma kwa 055. Usiku zililia bila mtu wa kuzipokea. Tajiri alikuwa ameona huko Nairobi simu inayojibu yenyewe na kuhifadhi ujumbe, akasema nasi tuwe nayo.

Kitu hicho kina historia yake. Mmarekani Gordon Matthews ndiye aliyekigeuza kuwa biashara ya maofisini. Husimuliwa kwamba aliona pipa la taka limejaa vikaratasi vya “fulani alikupigia”, akajiuliza kwa nini makarani wanaandika mambo ambayo mpigaji angeweza kuyasema mwenyewe. Akaanzisha kampuni ya VMX kule Dallas, na hataza yake ikatolewa mwaka 1983. Mtambo wake ulikuwa mkubwa na wa matajiri. Hata miaka 20 baadaye swichibodi za ofisi, zile PABX za kufungwa ukutani, ziliuza sehemu ya ujumbe wa sauti kando, kwa bei ya kukukatisha tamaa.

Aliyetuokoa sisi wa mifuko mitupu ni Mark Spencer. Mwaka 1999 alikuwa kijana wa chuo kule Alabama, ana kikampuni cha kuwasaidia watumiaji wa Linux. Alihitaji swichibodi, pesa hana, akaandika programu ya kufanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida. Akaiita Asterisk, ile nyota iliyo kwenye vitufe vya simu, akaitoa kama programu huria. Toleo la 1.0 lilitoka 2004. Kwetu mwaka huohuo ndio haki ya pekee ya Telkom Kenya ilifika mwisho, na ikawezekana mtu wa kawaida kufikiria kuziunganisha ofisi mbili kwa intaneti bila kutetemeka.

Basi nikanunua kadi yenye tundu la laini ya simu, nikaitia kwenye kompyuta ya mtumba, nikaandika:

exten => s,1,Dial(SIP/101,20)
exten => s,2,VoiceMail(u101)

Mistari miwili! Simu ikiingia, ekstensheni 101 ilie sekunde 20. Isipopokelewa, mpigaji asikie salamu na aache ujumbe. Mama wa mapokezi akarekodi salamu kwa sauti yake nzuri ya kanisani. Nikaenda kulala nikijiona fundi.

Tatizo ni hili. Mtu akikata simu, wewe binadamu unasikia tuu-tuu-tuu na unarudisha mkonga mahali pake. Kompyuta haijui kwamba mlio ule maana yake ni kwaheri. Lazima uifundishe. Kuna mahali pa kuandika busydetect=yes, nami sikuandika. Tena sikuweka kikomo cha urefu wa ujumbe. Jioni ya tatu mtu alipiga, akasikia salamu, akakata. Asterisk ikaendelea kurekodi ule mlio kwa utiifu kabisa, dakika 75, huku imeshika laini. Ndani ya muda huo dereva wetu alikuwa amekwama kwenye matope karibu na Kamukuywa, mvua inanyesha, turubai limechanika. Aliazima simu ya mtu akapiga mara tatu. Kila mara laini ilikuwa na shughuli. Magunia zaidi ya 70 yalilowa. Si ya tajiri peke yake. Mengine yalikuwa ya wakulima waliokuwa hawajalipwa bado. Sikuwa na la kujitetea.

Nilirekebisha usiku uleule. Lakini ndipo nilipogundua jambo lililonisumbua zaidi. Sanduku sasa lilikuwa na ujumbe mwingi kila asubuhi, na karibu wote ulikuwa wa sekunde mbili tatu. Kelele za soko, “halo? halo?”, halafu kimya. Mmoja alisema wazi: “Ni mashine, na imekula pesa yangu.”

Alikuwa na haki. Mashine ikijibu, simu imepokelewa, na kredo inaanza kuliwa. Matthews aliwaza hayo katika nchi ambayo wengi walilipia simu za mtaani bei moja kwa mwezi. Kuacha ujumbe hakukuwagharimu kitu. Kwetu laini za mezani nchi nzima zilikuwa karibu 300,000, ilhali simu za mkononi zilikuwa zimepita milioni 5, nyingi za kukwangua kadi. Mpigaji wetu alitaka jambo moja: simu ilie, isipokelewe, namba yake ionekane. Yaani kuflashi. Mtafiti Jonathan Donner aliandika makala nzima juu ya kanuni zake mwaka 2007, na kanuni kubwa ni kwamba mwenye pesa ndiye anayerudisha simu. Safaricom nao walikuja na Flashback, ule ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe.

Mimi naona kuflashi ni mjukuu wa kitu cha zamani. Enzi za Posta na Simu ya Afrika Mashariki hadi 1977, na baadaye KPTC hadi 1999, ungeweza kumwomba opareta akuunganishe kwa gharama ya unayempigia. Opareta alikuuliza jina, akamwuliza yule kama anakubali. Kuflashi ni mazungumzo hayohayo bila opareta.

Mama wa mapokezi alilijua hili bila kusoma makala yoyote. Nilipomweleza shida akafungua daftari lake la kurasa 200 akanionyesha. “Kijana wangu, huyu akilia mara moja akakata, ni wa Bungoma, ana mzigo. Akilia mara mbili, ni dereva, mpigie upesi.” Miaka yote hiyo alikuwa akinakili namba kutoka simu ya mkononi ya ofisi. Mimi nilikuwa nimemletea mashine ya kuchukua nafasi ya daftari bila kuuliza daftari linafanya nini!

Tukanunua kisanduku kinachopokea laini ya SIM, maana huko namba inaonekana kabla hujajibu. Nikaipangia Asterisk isijibu kamwe upande ule: inaandika namba, saa, na idadi ya milio. Saa za kazi orodha ilikwenda kwa karani wa Bungoma naye akawapigia wenyewe. Usiku, namba iliyopiga mara mbili ilitumwa kwenye simu ya msimamizi wa malori.

Sanduku la sauti hatukulitoa. Lilibaki kwenye laini ya mezani, na mtumiaji wake mkubwa alikuwa tajiri mwenyewe, akiwa Nairobi, akituachia hotuba za dakika nne.

Ile mistari miwili usiinakili leo. Sehemu ya SIP niliyoitumia iliondolewa kwenye Asterisk toleo la 21, mwaka 2023. Ya busydetect bado ipo, kwa wenye laini za waya. Iandike kabla ya kwenda kulala.