Elimu ya utunzaji wa miguu kwa wagonjwa wa kisukari

Elimu ya utunzaji wa miguu kwa wagonjwa wa kisukari ni mafunzo ya afya yanayolenga kuzuia vidonda, maambukizi na kukatwa mguu. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva na mishipa ya damu. Mgonjwa anaweza kukanyaga msumari asihisi, na kidonda kikachelewa kupona. Hufundishwa kukagua nyayo na katikati ya vidole kila siku, kuosha na kukausha miguu, kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, kutotembea peku na kuwahi kituo cha afya aonapo jeraha. Katika miaka ya 2000, mradi wa Step by Step uliwafunza madaktari na wauguzi wa Tanzania na India utunzaji huo wa miguu.