Usonji, simu na kazi: pale maneno yanapotoka vidoleni kuliko mdomoni

Wasikilizaji wetu wengi hututumia ujumbe mfupi badala ya kupiga simu studioni. Kuna anayebana salio, kuna anayeona haya sauti yake kusikika hewani. Wapo pia ambao kuandika kwao ni rahisi kuliko kusema, na miongoni mwao ni watu wenye usonji. Katika vipindi vya afya tumezoea kuwasikia madaktari na wazazi wakiwazungumzia. Makala haya yanaeleza wao wenyewe wamesema nini kuhusu kompyuta, kazi na urafiki wa mtandaoni.

Usonji ni nini?

Ni hali ya ubongo ambayo mtu huanza nayo tangu utotoni na kuishi nayo maisha yote. Hauambukizi, hauletwi na malezi mabaya wala laana ya ukoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Hawafanani. Wapo wasiosema kabisa hata wakiwa watu wazima, na wapo wanaosema sana, hasa juu ya jambo moja wanalolipenda, iwe injini, kuku au ratiba ya mabasi. Wengi husumbuliwa na kelele, mwanga mkali au kuguswa ghafla. Wengi hupata taabu kumtazama mtu machoni na kufuata mazungumzo ya haraka yenye mafumbo.

Kwetu hilo lina gharama. Salamu zetu haziishii kwenye "hujambo". Tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za mvua. Anayejibu neno moja kisha akatazama pembeni huambiwa ana kiburi. Kijana wa namna hiyo akienda kuomba kibarua hukikosa kabla hajashika jembe.

Aliyeingia kwenye njia ya ng'ombe

Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947, hakusema hadi alipokuwa na umri wa miaka mitatu na nusu hivi. Mama yake alishauriwa ampeleke kwenye taasisi ya kuwaweka watoto kama yeye, akakataa. Msichana akasoma, na baadaye akavutiwa na mifugo.

Grandin husema kwamba yeye hufikiri kwa picha, maneno yanakuja baadaye. Pale ng'ombe walipogoma kupita kwenye njia nyembamba ya kuwahudumia, wafanyakazi waliwachapa. Yeye aliingia mwenyewe kwenye njia ile, akainama ili aone wanachokiona ng'ombe. Alikuta mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye uzio, kivuli kilichokatiza sakafu, maji yanayometameta. Vitu hivyo vikiondolewa, ng'ombe walipita. (Mfugaji anayepeleka mifugo joshoni anaweza kulijaribu hili bila kutoa hata senti.) Baadaye alibuni njia zilizopinda, ambazo leo zinatumika katika ranchi na machinjio mengi ya Amerika Kaskazini. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1989 na amefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado.

Alipataje kazi, ilhali watu walimwona wa ajabu? Ameeleza mara nyingi kwamba hakujaribu kujinadi kwa maneno. Alitandaza michoro yake mezani pamoja na picha za kazi alizokwisha fanya, mwajiri akaamua kwa alichokiona.

Mahali pasipo na wa kukukazia macho

Mwaka 1992 Jim Sinclair na wenzake wachache wenye usonji nchini Marekani walianzisha Autism Network International, mtandao ulioendeshwa na wenye hali hiyo wenyewe. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mjini Toronto, Kanada, Sinclair aliwaambia wazazi jambo lililowashtua: msimlilie mtoto aliye hai kana kwamba amekufa, eti kwa sababu hakuwa yule mliyemtarajia.

Intaneti ilipoenea, watu hawa walianza kuandikiana kwa barua pepe katika vikundi. Kimoja kilianzishwa mwaka 1996 na Mholanzi Martijn Dekker, ambaye naye ana usonji. Kwenye maandishi hakuna uso wa kusoma wala sauti ya kukisia kama mtu amekasirika. Unaisoma barua mara tatu, unafikiri, unajibu kesho, na hakuna anayekuona mpole au mjeuri kwa kuchelewa. Mtu aliyeishi miaka thelathini akidhani yuko peke yake duniani aligundua kuna mwenzake upande wa pili wa bahari anayeziba masikio kengele ikilia, kama yeye.

Humo ndimo lilimochipukia wazo la anuwai ya ubongo. Wataalamu wa mazingira husema bioanuwai wakimaanisha wingi wa aina za mimea na wanyama. Hawa walisema bongo za binadamu nazo ni za aina nyingi. Judy Singer wa Australia aliliandikia tasnifu mwaka 1998, lakini wazo lenyewe lilikuwa limejadiliwa na wengi kwenye vikundi hivyo, na si haki kumpa mtu mmoja sifa yote.

Walipokutana ana kwa ana, kwenye kambi zilizoanza mwaka 1996, walivaa beji za rangi. Nyekundu: usinisemeshe. Njano: wanisemeshe ninaowafahamu tu. Kijani: nataka kuzungumza, ila kuanza kunanishinda. Sisi tunaona beji hiyo ya kijani ingewafaa watu wengi hata wasio na usonji.

Wasiosema nao wameipata njia. Mwaka 2007 Mel Baggs wa Marekani aliweka kwenye YouTube video ambayo mwanzoni inamwonyesha akivumisha sauti na kuchezesha vidole kwenye maji ya bomba. Kisha sauti ya kompyuta inasoma alichoandika: kwamba ile ni lugha yake, na ni ajabu watu kumhesabu kuwa anafikiri pale tu anapoitumia lugha yao.

Kazi bila usaili wa maneno

Nchini Denmark, Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne mwaka 2004. Wafanyakazi wengi wana usonji na hukagua makosa katika programu za kompyuta, kazi inayotaka jicho lisilochoka kurudia. Waombaji walipewa kazi ya kuunda roboti za Lego wakaangaliwa wanavyoifanya.

Tusidanganyane, si kila mwenye usonji ni fundi wa kompyuta, na wengi wanahitaji msaada wa kila siku. Lakini kijijini pia maagizo yanaweza kubadilika. "Njoo mapema, utusaidie kidogo" humwacha mtu njia panda. Ujumbe unaosema "Njoo kesho saa 2 asubuhi, palilia mistari 6 kuanzia mwembeni, malipo saa 7" unaeleweka, na unabaki kwenye simu akitaka kuusoma tena.

Upande wa hatari

Mtandao huohuo una wezi. Kuna wanaowauzia wazazi dawa ya klorini kwa madai kwamba inaponya usonji. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya kwamba kuinywa ni sawa na kunywa dawa ya kung'arishia nguo. Hakuna dawa inayoondoa usonji.

Na anayezoea kuamini maneno kama yalivyoandikwa ni rahisi kunaswa na zile jumbe za "ile hela tuma kwa namba hii". Kumwambia "kuwa makini" hakutoshi. Mpatie kanuni iliyo wazi, aiandike: pesa haitumwi kwa namba yoyote kabla sijampigia dada, na dada akijibu "usitume", ninaufuta ujumbe.