Lugha ya Mama na Vijana: Fundisho Kutoka kwa Wasami

Tunapoadhimisha miaka mia moja ya usharika, yatupasa kutazama pia safari ya ndugu zetu Walutheri walio mbali. Kanisa la Uswidi tunalifahamu: huko ndiko alikotoka Askofu Bengt Sundkler, aliyewaongoza Wakristo wa Bukoba hadi mwaka 1964, Josiah Kibira alipoupokea uaskofu. Lakini katika Uswidi, Norwei, Ufini na kaskazini ya Urusi wapo Wasami, wenyeji wa asili, wavuvi na wafugaji wa kulungu wa nchi za theluji. Historia ya lugha yao ni historia ya Kanisa pia, kwa mema na kwa mabaya.

Mema yalitangulia. Kwa imani kwamba kila mtu alisikie Neno kwa lugha yake, vitabu vya kwanza vya Kisami vilichapwa Stockholm mwaka 1619: kimoja cha alfabeti, kingine cha nyimbo na ibada. Agano Jipya lilifuata mwaka 1755, na Biblia nzima mwaka 1811. Huko Norwei, Lars Hætta alihukumiwa kifo akingali kijana, baada ya maasi ya Kautokeino ya mwaka 1852. Adhabu yake ilipunguzwa kuwa kifungo, naye akiwa gerezani akashiriki kutafsiri Maandiko. Biblia ya Kisami cha kaskazini ilitoka mwaka 1895.

Kisha upepo uligeuka. Mwaka 1880 watawala wa Norwei waliagiza kwamba Kisami kiwe msaada tu wa kumfundisha mtoto Kinorwei. Uswidi nayo, mwaka 1913, ilianzisha shule za pekee za watoto wa wafugaji, zilizotetewa na viongozi wa Kanisa, na humo Kiswidi ndicho kilichotawala. Wazazi wengi, kwa aibu na kwa kuwahurumia watoto, waliacha kuwasemesha lugha ya nyumbani. Norwei iliruhusu tena Kisami kufundishia mwaka 1959. Tarehe 24 Novemba 2021, Askofu Mkuu Antje Jackelén aliwaomba Wasami radhi katika Kanisa Kuu la Uppsala.

Hata hivyo, toba peke yake hairudishi neno lililokwisha kutoka kinywani mwa mtoto. Mwaka 1997, huko Inari nchini Ufini, ulianzishwa malezi yaitwayo kiota cha lugha, kwa mfano wa Wamaori wa New Zealand walioanza mwaka 1982. Humo watoto wadogo husemeshwa lugha ya asili tu. Kisami cha Inari kina wasemaji mia chache, na leo miongoni mwao wamo vijana.

Michezo nayo imesaidia. Vijana hushindana kurusha kamba ya kitanzi, kuteleza juu ya theluji na kukimbiza kulungu. Huo ni ufundi wa wafugaji, na majina ya vifaa, ya wanyama na ya aina za theluji yamo katika Kisami. Mwaka 2006 timu yao ya soka ilitwaa Kombe la VIVA la timu zisizo katika FIFA, ikiifunga Monaco mabao 21 kwa 1.

Wapendwa washarika na wageni wetu, vitabu vilivyochapwa kwa jasho havikutosha kuilinda lugha pale mtoto alipoonewa haya kuisema. Lugha huishi pale kijana anapoitumia kwa furaha, ibadani na uwanjani. Tunapoingia karne ya pili, kila mzee na ajiulize ni neno gani la mababu amemwachia mjukuu wake. Bwana atujalie hekima.