Santuri, Kaseti na Kinanda: Hadhira Mpya na Mabadiliko ya Taarabu

Mjadala kuhusu teknolojia na utamaduni huvutwa pande mbili. Upande mmoja unadai kuwa chombo kipya kikishaingia, jamii haina budi kukifuata. Upande wa pili unakiona chombo kuwa kitu kisicho na upande, kizuri au kibaya kwa kadiri ya mkono unaokishika. Makala haya yanazipinga kauli zote mbili kwa kuitazama historia ya taarabu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ninadai kwamba teknolojia ya sauti ilibadili jamii hasa kwa kubadili hadhira: nani aliweza kusikiliza, nani alilipia, na nani alikuwepo wimbo ulipoimbwa. Hadhira ilipobadilika, lugha ya wimbo, urefu wake, nafasi ya mwanamke na hata mipaka ya staha vilibadilika pia.

Mwaliko na santuri

Taarabu iliyolelewa katika kasri la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ilikuwa burudani ya wachache. Masimulizi ya Unguja yanaeleza kuwa Sultani alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza muziki, naye akarudi kupiga kanuni, ala ya nyuzi, mbele ya bwana wake. Hata klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, iliutazama mfano wa Misri na kuimba Kiarabu. Kuingia katika hadhira hiyo kulihitaji mwaliko, na mwaliko ulifuata nasaba na cheo. Mkazi wa Ng'ambo, mtaa wa mji wa Unguja, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897 hakuwa na nafasi hapo.

Mwimbaji Siti binti Saad alitoka katika tabaka hilo. Alizaliwa Fumba mnamo 1880, akauza vyungu, kisha akahamia mjini. Alikwisha kujijengea jina kwa kuimba Kiswahili kabla ya mashine yoyote kuinasa sauti yake, na jambo hili linawapa changamoto wanaoamini kwamba teknolojia huzaa utamaduni. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimsafirisha pamoja na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi. Kampuni hiyo ilikuwa ikitafuta wanunuzi. Wapenzi wa nyimbo za Kiarabu walikuwa na santuri za Misri. Soko ambalo halijaguswa lilikuwa la wasemaji wa Kiswahili. Hesabu ya mfanyabiashara ikakipa Kiswahili heshima ambayo kasri halikukipa.

Gramafoni ya kukazwa kwa mkono haikuhitaji umeme. Iliweza kuwekwa mkahawani au barazani, na mpita njia akasimama kusikiliza. Mwaliko, uliokuwa lango la taarabu, ukapoteza nguvu. Wimbo "Kijiti", unaohusu kisa cha mauaji ambapo mtuhumiwa alitoroka na adhabu ikawaangukia wanawake, uliweza sasa kusikika mbali na mahakama iliyotoa hukumu. Malalamiko ya watu wa mtaa mmoja yakawa jambo la kuzungumzwa pwani nzima.

Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa na gharama. Upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu. Utungo wa beti nyingi ulipaswa kukatwa, na ile nafasi ya msikilizaji kuinuka, kumtunza mwimbaji na kumfanya aurudie ubeti uliomgusa ikafutika. Isitoshe, uamuzi wa kurekodi ulikuwa mikononi mwa kampuni za ng'ambo. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ulipobana masoko, kampuni hizo zilipunguza kazi, ingawa waimbaji na wasikilizaji wao walikuwepo vilevile.

Kaseti na mpaka wa staha

Redio, iliyoenea katika miaka ya 1950, ilipanua hadhira kuliko santuri, lakini iliizungushia uzio. Chombo kinachozungumza na kila mtu huwatia hofu wanaokimiliki, na nyimbo zilichujwa kabla ya kurushwa hewani. Kaseti ndiyo iliyovunja uzio huo. Katika Mombasa ya miaka ya 1970 na 1980, nyimbo zilirekodiwa harusini kwenyewe, kisha kanda zikanakiliwa na kuuzwa kwa bei nafuu. Wimbo ukarudishiwa urefu wake, na vigelegele vya wanawake vikawa sehemu ya kinachosikilizwa.

Kaseti pia ilifanya jambo ambalo santuri haikulifanya: ilitoa nje maneno ya ndani. Katika harusi za pwani wanawake hukusanyika peke yao, na ndani ya mkusanyiko huo vijembe vina adabu yake. Anayepigwa kijembe anajijua, wenzake wanamjua, na asiyehusika hayupo. Kanda ilipopigwa ndani ya matatu au daladala, maneno yale yale yaliwafikia baba, mkwe na mtoto wakiwa wameketi kiti kimoja. Hayakubadilika hata neno, lakini yaligeuka kuwa utovu wa adabu kwa sababu wasikilizaji walikuwa wengine. Sehemu kubwa ya ugomvi kuhusu mipasho, yaani nyimbo za vijembe, katika miaka ya 1990 inaeleweka vizuri zaidi tukiutazama hivi, kuliko tukiuita kuporomoka kwa maadili.

Je, kinanda kiliiharibu taarabu?

Wapo wanaokilaumu kinanda cha umeme. Wanaeleza, kwa haki, kwamba kilichukua nafasi ya fidla, kanuni na akodiani, na kwamba midundo iliyohifadhiwa ndani yake iliwageuza waliokuwa wakisikiliza kwa utulivu kuwa wachezaji. Katika ushindani wa makundi ya Muungano na Tanzania One Theatre, waimbaji Nasma Khamis na Khadija Kopa waliwavuta mashabiki waliolipa kiingilio na kutunza kwa wingi, wengi wao wanawake wenye pesa zao wenyewe.

Lakini lawama hiyo inakwama kwenye ushahidi. Matano Juma wa Mombasa alitumia kinanda cha umeme miaka mingi kabla ya wimbi la mipasho, na muziki wake haukufuata njia hiyo. Kwa upande mwingine, Culture Musical Club ya Unguja ilibaki na okestra yake kubwa wakati vinanda vilipatikana madukani, kwa kuwa ilipata wasikilizaji katika matamasha ya Ulaya na miongoni mwa wageni waliotaka ala za kale. Chombo kimoja kimezaa matunda mawili tofauti kwa hadhira mbili tofauti. Kwa hiyo kinanda pekee hakitoshi kuwa sababu. Kilichofanya ni kupunguza gharama ya kundi na kulirahisishia kusafiri. Mwelekeo uliamuliwa na waliolipa mlangoni.

Hitimisho

Ushahidi huu unatutaka tubadili swali tunalouliza kila teknolojia mpya inapoingia. Badala ya kuuliza itatufanya nini, tuulize inamwingiza nani katika hadhira, inamtoa nani, na nani anahesabu wasikilizaji. Leo simu na intaneti zimerudisha hali ya Bombay kwa sura mpya: sauti ni yetu, wasikilizaji ni wetu, lakini hesabu inafanywa na kampuni za mbali zinazopima kila sekunde ya usikivu na kuupendekeza wimbo kwa kipimo chao. Wimbo unaodai subira unaanza safari hiyo ukiwa nyuma.

Wajibu wetu unatokana na hoja hiyo. Kuhifadhi santuri na kanda katika nyaraka zetu ni lazima, lakini hakutoshi, kwani rekodi isiyo na anayejua kuisikiliza haina kazi katika jamii. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kinafundisha udi na kanuni, na kila anayepita hapo anaongeza idadi ya masikio yanayotambua kilicho bora. Shule na vyuo vyetu vinapaswa kufanya vivyo hivyo kwa mashairi yanayoimbwa, na sheria za hakimiliki zimhakikishie mwimbaji pato la sauti yake popote inapopigwa. Jamii isiyoilea hadhira yake huiachia teknolojia, na walioitengeneza, kazi ya kuichagulia utamaduni.